Mita Thelathini Kila Upande

Bi Futi hakuwa mtu wa kulala popote. Waliomwona ameegesha gari lake kando ya barabara za vijijini, mlango wa nyuma wazi na mguu mmoja ukining'inia nje, walidhani ni mama aliyekosa pa kwenda, usingizi ukamkuta njiani kama unavyomkuta mlevi. Hawakujua kwamba kabla ya kuzima injini alikuwa amefanya kazi ya saa nzima, wala kwamba katika daftari lake lenye jalada la nguo mahali pale palikuwa na namba.

Jina alipewa kazini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mshika futikamba katika idara ya barabara. Mpimaji aliinamia darubini yake, akapunga mkono, naye akaivuta ile kanda ya chuma kupita kwenye miiba, kwenye tope, na kwenye mashamba ya watu waliomfungulia mbwa. Siku ya kwanza aliwakuta wanaume kumi na mmoja, mwanamke akiwa yeye peke yake. Wakamwita Bi Futi kwa dhihaka. Naye akalichukua jina akalivaa kama koti, mpaka dhihaka ikawaishia wao wenyewe. Alipostaafu, idara ilikuwa na karatasi za vyeti lakini haikuwa na wino wa kuvichapa. Msimamizi akaona haya, akampa futikamba yenyewe, mita hamsini, ndani ya kasha la ngozi lililopasuka ukingoni.

Mumewe alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, na nyumba waliyokaa ilikuwa ya idara, ikarudi idarani. Mwanawe wa pekee akamtengea chumba cha uani, chenye dirisha linalotazamana na tangi la maji la jirani. Bi Futi alilitazama tangi hilo kwa miezi minne. Mwezi wa tano alinunua gari kuukuu lililokuwa likisambaza mkate madukani, akang'oa rafu za upande mmoja, akatandika godoro. Harufu ya mkate haikutoka, naye hakuihimiza itoke.

"Nchi hii nimeipima kipande kwa kipande, mita hamsini hamsini," alimwambia mkwewe siku ya kuondoka. "Nzima sijaiona."

Utaratibu wake haukubadilika. Saa kumi na moja jioni alianza kutafuta, kwani, kama alivyopenda kusema, anayetafuta pa kulala giza likiwa limekwisha kuingia hatafuti, anaokota. Alitafuta palipoachwa na watengeneza barabara: machimbo ya zamani ya kifusi, viwanja yalipopigwa mahema ya vibarua, vipande vya ardhi ambavyo greda lilivitumia kugeuzia. Pote hapo palikwisha kusawazishwa kwa jasho la watu, na kwa kawaida palikuwa ndani ya hifadhi ya barabara, yaani ule ukanda wa mita thelathini kila upande, ukihesabiwa kutoka katikati ya barabara, ambao katika nchi ile haukuwa wa mtu bali wa kila apitaye. Msafiri aliruhusiwa kupumzika humo usiku mmoja, mradi asijenge, asikate mti, asizibe njia.

Kisha aliisoma ardhi. Nyasi zilizolalia upande mmoja zilimwambia kuwa maji hupita hapo mvua ikinyesha. Samadi mbichi ilimwambia kuwa hapo ni njia ya ng'ombe, na ng'ombe ana haki ya kwanza. Akiona vizibo vya chupa vimetapakaa, aliwasha gari akaenda zake bila kuvihesabu. Mwisho kabisa alikwenda kwenye nyumba iliyo karibu kutoa taarifa. Neno hilo alilishikilia sana. Hakwenda kuomba, alikwenda kutoa taarifa. "Nipo pale kwenye kifusi, gari jeupe," alisema. "Mkisikia mngurumo, ni mimi nakoroma."

Mwanawe hakucheka. Alikuwa karani wa masjala ya ardhi mahakamani, mtu anayeinyoosha karatasi kwa kiganja kabla ya kuisoma. Kila jioni alimpigia simu.

"Mama, watu wananiuliza unakaa wapi. Niwajibu nini? Kilomita ya mia na arobaini, mkono wa kushoto?"

"Ukiwajibu hivyo watanipata."

"Siku moja utafukuzwa kama mbuzi aliyeingia bustanini."

"Mbuzi hufukuzwa kwa sababu bustani ni ya mtu. Mimi nipo kwenye barabara yangu."

Katika mabishano hayo ndipo yalipozaliwa makubaliano. Karani ndiye aliyeyatunga, kwa lugha ya kazini kwake. Siku Bi Futi atakapoambiwa aondoke mahali, na anayemwondoa akawa na haki ya kumwondoa, siku hiyo ufunguo wa gari utakuwa wa mwanawe, naye atarudi kwenye chumba cha uani bila neno. Bi Futi akakubali upesi, upesi kiasi cha kumtia mwanawe wasiwasi. Miaka miwili ikapita. Daftari likafika namba mia moja na thelathini na saba, na hakuna aliyemwondoa. Karani akashindwa kuamini. Akaomba likizo ya siku nne, akapanda gari la mkate pamoja na mto wake wa kulalia, ili ajionee kwa macho yake.

Siku ya pili walifika namba sitini na moja. Daftarini palikuwa pameandikwa hivi: *machimbo ya kifusi baada ya daraja dogo, ardhi ngumu, kivuli asubuhi, maji hamna, jirani hamna.* Bi Futi alikuwa amelala hapo mwaka mmoja na miezi miwili nyuma. Sasa jirani alikuwapo. Hoteli ndogo yenye baraza pana na bati jekundu ilikuwa imechomoza upande wa pili wa machimbo, na kwenye njia ya kuingilia palikuwa na nguzo mbili, mnyororo, na ubao: ENEO BINAFSI. KULALA NI KWA WATEJA TU.

Karani aliusoma ubao ule taratibu, kwa sauti, kama anayeonja chakula alichokingoja tangu asubuhi.

"Macho ninayo, baba," alisema Bi Futi, akashuka.

Mwenye hoteli alitoka akijifuta mikono. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye kitambi kipya na adabu za zamani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mnyororo huu kaufunga nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Unafunga nini?"

"Nafunga kwangu, mama. Malori yalikuwa yakiingia, yanalala, asubuhi yanaondoka na kuniachia matope. Lakini vyumba vipo, visafi, maji ya moto yapo."

"Chumba ninacho," alisema Bi Futi, akagonga ubavu wa gari. "Ninachotafuta ni pa kukiweka."

Mwenye hoteli alilitazama gari, akaitazama mvi iliyochungulia chini ya kitambaa cha kichwa, moyo ukamlegea. "Unajua nini, mama yangu? Wewe ni wa umri wa aliyenizaa. Fungua mnyororo, ingiza gari, ulale bure. Mimi nakukaribisha."

Karani alishusha pumzi. Alimsogelea mama yake akanong'ona, "Umesikia? Bure. Hujafukuzwa, makubaliano hayajaguswa. Sema ahsante tukanywe chai."

Hapo ndipo ambapo mtu mwingine angesema ahsante. Bi Futi alikuwa amechoka. Goti la kushoto lilikuwa limevimba tangu mchana kwa kukanyaga klachi, na ardhi ile aliijua kuwa nzuri. Lakini aliutazama mnyororo kama mtu anayetazama mkono uliokaa kwenye pochi yake.

"Nani amemwomba?" aliuliza, si kwa kunong'ona, akamgeukia mwenye hoteli. "Mwanangu, wema wako nimeuona na Mungu akulipe. Lakini ukinikaribisha leo, kesho unaweza kunikaribisha nitoke. Na atakayekuja keshokutwa, ambaye hafanani na aliyekuzaa, yeye atalala wapi?"

"Huyo si shida yako."

"Ndiye shida yangu hasa. Mimi si mgeni wako. Mimi ni mpita njia, na mpita njia ana pake."

Uso wa mwenye hoteli ulijikunja. "Nakupa wema, wewe unanitafutia shari. Haya basi, mama, kwa heshima zote, ondoka. Hapa ni pangu, na hati ninayo."

"Sasa tumeanza kuelewana," alisema Bi Futi, akaenda kuchukua futikamba.

Karani alishika kichwa. "Mama, umeona ulichofanya? Mtu alikuwa amekwisha kukupa. Umeyaleta makubaliano mwenyewe mlangoni."

"Basi yaache yaingie."

Akamkabidhi mwenye hoteli mwisho wa kanda. "Wewe ndiye mwenye madai, wewe shika sifuri. Iweke katikati ya mstari mweupe, uikanyage. Na wewe, karani, tazama magari, usije ukarithi ufunguo mapema."

Mwenye hoteli, ambaye hakuwahi kukataa alichoagizwa na mtu wa umri ule, alijikuta amechutama katikati ya lami huku kidole kikibana kipande cha chuma. Mpishi wake, mwanamke mnene mwenye mwiko mkononi, alikuwa ametokeza kwenye dirisha la jiko.

"Bosi, umepata kibarua huko barabarani? Nikuwekee chakula cha vibarua?"

"Tazama maharage yako, wewe."

"Maharage yanajichemsha. Huku ndiko kunahitaji mtu."

Bi Futi alivuta kanda mpaka ikanyooka na kulia kidogo, sauti aliyoijua kuliko sauti ya mumewe. Mita thelathini ziliishia kwenye kichuguu, hatua nne kabla ya mnyororo.

Alirudia. Akasogea upande, akarudia mara ya tatu, akibadilisha mahali pa kukanyaga. Kichuguu kile kile. Machimbo yote, kuanzia kwenye mnyororo kurudi nyuma, yalikuwa nje ya hifadhi.

Alivua kamba iliyokuwa shingoni, akautoa ufunguo, akauweka kwenye kiganja cha mwanawe.

"Shika. Umeshinda kwa haki."

Mwenye hoteli, aliyekuwa amefika akihema, aliona haya ya mtu aliyeshinda asichokihitaji. "Mama, mimi nilisema tu ulale..."

"Ngoja kwanza, mwanangu. Niko katika kushindwa, usinichanganye."

Akachutama kuikunja futikamba. Kanda haikunjwi chafu. Hupanguswa kwa kitambaa, kiganja kwa kiganja, na kazi hiyo humweka mtu uso kwa uso na ardhi. Alikuwa amefika mita ya ishirini alipouona, ng'ambo ya mnyororo, ndani ya nyasi, mstari wa mawe yaliyopangwa na kusakafiwa. Ulikuwa mtaro. Bi Futi aliacha kupangusa. Mtaro hauchimbwi kwa kumfurahisha mtu. Hufuata barabara yake kama mkia unavyofuata mnyama. Mtaro ule haukuwa sambamba na lami. Ulikuwa umeipa mgongo, ukaelekea vichakani, nyuma ya baraza la hoteli.

Aliruka mnyororo, au tuseme aliuvuka kwa namna ambayo mwanamke wa miaka sitini na mmoja mwenye goti lililovimba huuvuka, sketi ikinasa na kuachia.

"Mama, umeingia kwa mtu," alisema karani.

"Nishtaki. Si masjala unayo?"

Alifuata mawe. Vichaka vilimparuza mikono, naye akavitenga kama alivyovitenga maisha yake yote, bega likitangulia. Kiasi cha mita arobaini kutoka kwenye lami alikuta alichokuwa amekwisha kukitarajia: kalvati, mabomba mawili ya zege yenye ukuta mdogo juu yake, namba ya mradi imechongwa kwa msumari kabla saruji haijakauka. Na alipoiona namba hiyo, yote yakamrudia. Lori la saruji lililopinduka. Wiki tatu za kuinyoosha kona ili jingine lisipinduke. Siafu waliompanda mpaka kiunoni huku mpimaji akipaza sauti kwamba asitikisike. Hapa palikuwa na kona. Barabara ya kwanza ilipita hapa, kando kabisa ya machimbo yaliyoilisha kifusi, na ni yeye aliyeshika kanda ilipohamishwa. Alikuwa amezinyoosha kona nyingi kuliko vifungo alivyopata kushona, na hii ilikuwa imemponyoka.

Akacheka peke yake, kicheko kifupi kisicho na furaha nyingi. Alikuwa amekosea kosa la mshika futikamba. Mshika futikamba hachagui sifuri. Mpimaji ndiye anayeonyesha ianzie wapi, na yeye huvuta. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amevuta kwa unyofu usio na dosari kutoka kwenye sifuri za wengine, na leo, pasipo mpimaji, alikuwa ameiacha lami imchagulie sifuri, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mbele ya macho.

Alirudi na mikwaruzo hadi viwikoni, akawaeleza alichokiona.

"Hilo kalvati nalijua," alisema mwenye hoteli. "Ni maiti hilo, mama. Barabara ilihama."

"Ilihama," alikubali Bi Futi. Alijua barabara ilikopita. Kama barabara iliyokufa bado ni ya watu, hilo hakulijua, kwani hakuna aliyewahi kumweleza mshika futikamba habari za sheria. Akamtazama mwanawe. Hakumwomba kwa macho. Alimtazama tu, kama mtu atazamavyo mlango ambao hajui kama umefungwa.

Karani alikuwa akiusugua ufunguo kwa kidole gumba, akiunyoosha kama karatasi. Chumba cha uani kilikuwa mkononi mwake, na amani ya simu za jioni, na jibu la kuwapa watu. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, jambo ambalo haliandikwi kwenye faili lolote.

"Hifadhi haihami na lami," alisema hatimaye, kwa sauti ile anayosomea mashauri. "Barabara ikihamishwa, ukanda wake wa zamani unabaki wa umma mpaka itangazwe rasmi kwamba umerudishwa kwa wenye mashamba. Kesi zake nazifungulia majalada kila mwezi. Kona hii ilitangazwa?"

"Itangazwe na nani? Mimi nilinunua shamba."

"Hati yako inasema mpaka wako uko wapi?"

Mwenye hoteli alisita. "Inasema 'kufuata hifadhi ya barabara.'"

"Barabara ipi?"

Mwenye hoteli aligeuka akatazama vichaka. Dirishani, mwiko ulisimama hewani.

Mara hii Bi Futi alishika sifuri mwenyewe. Aliiweka katikati ya kalvati, akaikanyaga kwa kisigino, akamwagiza mwanawe avute. Kutoka hapo mpaka ardhi ngumu ya machimbo zilikuwa mita kumi na mbili. Kanda ilikuwa bado ndefu, wakaielekeza upande wa pili, na karani akaendelea kurudi nyuma mpaka akagonga mgongo kwenye nguzo ya baraza.

"Ishirini na moja," alisoma.

"Endelea."

"Nipitie wapi, Mama? Hapa ni jikoni."

"Pita tu," alisema mpishi, akimfungulia mlango. "Kumbe mwaka mzima mimi napika barabarani, wala sikugongwa."

Mita thelathini ziliishia katikati ya mafiga. Mwenye hoteli alikaa kwenye ngazi za baraza ambalo dakika tano nyuma lilikuwa lake. Kitambi chake kilionekana kimepungua.

"Sasa utanibomolea, mama?"

"Mimi nabomoa nini? Mimi natafuta pa kulala." Alikuwa akipangusa kanda, kiganja kwa kiganja. "Sitakwenda kwa mtu kukusema. Lakini atakayeniuliza nitamwambia nilichopima, wala sitakipunguza hata sentimita, maana sijui kupunguza. Nenda ukawaulize watu wa idara ya barabara kabla hawajaja kukuuliza wewe. Na mnyororo ule uufungue kwa mkono wako."

"Na ubao?"

"Ung'oe."

"Niandike nini badala yake?"

"Usiandike kitu. Palipo pa wote hapahitaji mwandishi."

Alikwenda akaufungua. Haikuwa kwa furaha, na Bi Futi hakumdai furaha. Mnyororo ulianguka kwenye vumbi, akaubeba begani kama mtu aliyeua nyoka na hajui amfanye nini.

Karani alimrudishia mama yake ufunguo. Wakaegesha gari kwenye ardhi ngumu, pua ikielekea barabarani, wakakaa kwenye ukingo wa mlango wa nyuma. Jua lilikuwa limebakiza kiganja kimoja juu ya vilima.

"Ungenyamaza, saa hizi ungekuwa unanirudisha nyumbani," alisema Bi Futi.

"Najua."

"Mkeo atakuuliza."

"Ataniuliza, na nitajuta nikiwa namjibu." Akavua viatu, akaviweka sambamba. "Lakini usidhani umenishinda, Mama. Makubaliano yako pale pale."

"Nani kasema yameondoka? Siku atakayeniondoa kwa haki akitokea, ufunguo nitauleta mwenyewe mpaka mezani kwako. Ila akitaka kuniondoa kwa upole atanichosha kweli. Mwenye ukali namjua pa kumshika."

Lori lililobeba makreti matupu lilipunguza mwendo mbele ya nguzo mbili zisizo na mnyororo. Dereva alichungulia, macho mekundu kwa safari, akaitazama hoteli, akalitazama gari la mkate.

"Samahani, mama. Hapa ni pa nani?"

Karani alikohoa, akaanza, "Kwa mujibu wa—"

"Pako," alisema Bi Futi. "Ingia ulale. Ila kesho ukiondoka, usiondoke napo."